Wasifu Uliouandika Mwenyewe

Mama,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu ungenisoma usoni hata kabla sijaketi, halafu ungeniuliza kama nimekula. Nimekula. Bado nimekasirika.

Ni miezi miwili tangu tukuzike kijijini Mwala. Siku ile nilisimama karibu na jeneza lako, nimevaa suti ya mjomba, wakati Mama Kavata, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alipofungua daftari asome wasifu wako. Nilidhani ameuandika yeye. Kumbe uliuandika mwenyewe wodini, ukampa, ukamwambia asinionyeshe. Akasoma ulikozaliwa, ulivyookoka, miaka yako ya ukarani, kisha akafika hapa: "Namwacha mwanangu mmoja, Mutua, mtumishi wa Mungu, ambaye nimemkabidhi madhabahuni. Kanisa, mpelekeni nilipoahidi." Waombolezaji wote wakaitikia amina. Amina, Mama! Ulingoja mpaka umefungiwa kwenye sanduku ndipo ukasema. Nani anabishana na jeneza?

Najua nadhiri yako. Nimeisikia tangu utotoni: mimba tatu zilizoharibika, wewe ukipiga magoti na kumwambia Mungu kwamba akikupa mtoto wa kiume, utamtoa awe mchungaji. Nikiufikiria uchungu ule nakuhurumia, sikudanganyi. Lakini mtoto aliyezaliwa ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Nikiwa na miaka saba ulinisimamisha juu ya stuli sebuleni kwetu, mtaa wa Tena, niwahubirie akina mama wa ushirika wa Alhamisi. Nikajikojolea. Ukawaambia wageni kwamba hata manabii walitetemeka. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukaniita Pasta, na vijana wa pale stejini kwa matatu hawajaacha hadi leo: "Pasi, niaje! Si utuombee basi."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikishika maiki, maneno nayatafuta siyapati. Nikafikiri nina dhambi iliyojificha. Nilifunga, nilikesha, nilimwuliza Mungu ana shida gani na mimi. Pale kanisani sikusikia kitu. Jibu lilinijia Kariobangi, kwenye kile kibanda changu cha viatu ambacho hukukanyaga hata siku moja.

Sasa ngoja nikueleze kazi yangu, maana hukuwahi kuuliza. Mtu mwenye mguu mmoja mfupi anakuja. Namsimamisha wima, naingiza vipande vyembamba vya mbao chini ya ule mguu, kimoja kimoja, huku nikitazama mabega yake kwa nyuma. Mabega yakilingana, naacha. Kisha najenga soli ya kimo hicho hicho. Mwaka jana alikuja mama mmoja muuza mboga kutoka mtaa wa Kware, aliyechechemea tangu utotoni. Alivaa viatu vyake, akatembea hadi kwa wachomeleaji vyuma jirani zangu na kurudi, akaniambia, "Fundi, leo kiuno kimenyamaza." Akajiendea zake. Nikabaki na gundi mkononi, nalia, naomba. Mara ya kwanza maishani naomba bila kutafuta maneno.

Nilikuja mbio kukuambia. Unakumbuka? Ulikuwa unachambua ndengu. Ukasema, "Hiyo ni kazi ya kukuweka mjini tu, Mutua. Wito ni wito." Macho hukuinua.

Leo Jumapili wazee wa kanisa walikuwa waniwekee mikono. Januari niende chuo cha uchungaji, kibanda kifungwe, ahadi yako itimie. Shangazi amekuwa akinipigia simu tangu Ijumaa, akisema kwamba anayekataa neno la mwisho la mzazi anajitafutia laana. Niliogopa, Mama. Laana ya mzazi si kitu cha kuchezea, wewe ndiwe uliyenifundisha hivyo. Nikaitwa, nikatembea hadi mbele, wazee wakanyoosha mikono. Nikaomba maiki. Nikasema mama yangu aliweka nadhiri, akanilea nikamjua Mungu, na kwa hilo namshukuru. Lakini Mungu huyo huyo hajanituma mimbarini. Mimi ni fundi wa viatu, na ni yeye aliyeniweka pale.

Wazee wakashusha mikono. Mchungaji akatuambia tusimame tuimbe.

Nje, Mama Kavata alinifuata hadi getini. Nikajua leo nimekwisha. Badala yake akafungua mkoba, akanipa daftari lako. "Shika. Huu ndio ule wasifu, kwa mkono wake. Ukisoma usinitukane."

Nimeusoma nikiwa nimeketi kitandani mwako. Ukurasa wa tatu umeandika hivi: "Namwacha mwanangu mmoja, Mutua, fundi hodari wa viatu. Wenye shida ya miguu wanamfuata kutoka mbali." Kisha umeyakata maneno hayo kwa mstari, mstari mnyoofu wa rula, karani mpaka mwisho. Juu yake ukaandika: mtumishi wa Mungu.

Ulijua! Nani alikuambia wanatoka mbali? Si mimi. Kwa hiyo uliulizia. Pengine ulikuja ukasimama ng'ambo ya barabara, ukanitazama nikipima watu, ukarudi nyumbani kimya kimya. Hiyo ndiyo inayoniua, Mama. Ungekuwa hukuniona kabisa, ningevumilia. Lakini uliniona, ukaandika, halafu ukamwogopa Mungu, ukanifuta. Hodari! Maisha yangu yote nimelingoja neno hilo kutoka kinywani mwako, na nimekuja kulisoma chini ya mstari. Ungeliacha tu. Mungu angekasirika nini? Yeye ndiye aliyenipa mikono hii.

Nimelitupa daftari ukutani. Nimeliokota. Nimelitupa tena. Sasa liko hapa kando yangu, limechanika jalada, na chumba bado kinanukia mafuta yako ya mgongo.

Basi lala, mama yangu. Siwezi kukuambia nimekusamehe leo. Niulize tena mwakani. Desemba ukoo wote unakutana Mwala kulijengea kaburi lako simiti. Nitakuwepo, nakuahidi, na maandishi nitayaandika mimi, kwa msumari, kabla simiti haijakauka. Jina lako kwanza. Chini yake: Mama wa Mutua, fundi hodari wa viatu. Na safari hii hutaweza kufuta neno.

Mwanao,
Mutua