Leseni bila jina langu

Kisangani, Jumatano

Mgongo unauma, lakini bado nacheka peke yangu.

Patron, bosi wetu wa depo, amenunua programu ya ripoti. Kila jioni tutaandika kwenye simu ya depo magunia yaliyotoka, naye atayaona ofisini. Muuzaji alieleza: kuna leseni ya mtu mmoja, kwa jina lake, na kuna ya simu yenyewe, yeyote aishike. Ya jina ina bei ndogo. Patron akanigeukia. "Tutaandika jina yako, papa Amisi! Iko heshima."

Wapakiaji wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaingiwa na hofu. Nikamwuliza muuzaji, "Na nikienda Kindu kuona bibi yangu, nani atafungua?"

"Hakuna mutu, papa."

Basi nikasema wazi kwamba sitaki. Huu mwaka wa pili sijalala nyumbani Kindu na mke wangu, na jina hilo lingenifunga hapa kabisa.

Patron akanikazia macho. "Kumbe unakataa heshima juu ya bibi?"

"Ndiyo, Patron."

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Bon, tunakamata ya simu. Utaenda."

Nimempigia mke wangu. Anasema hataamini mpaka anione nikishuka kwenye boti. Nimemwambia aanze kunenepesha kuku.