Mwairishi na Akina Mama wa Mafinga

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi! Parokia imenifanya mkalimani wa Mzee Fergal, mwimbaji wa nyimbo za asili kutoka Ireland. Sababu – nafundisha Kiingereza sekondari. Sosthenes, mwenyekiti wa kwaya yetu, ameshashonesha sare za kijani, eti Ireland ni kijani. Hatujaalikwa popote. Ila mgeni akitupenda, si atatualika? Na mimi nataka kwenda, nakiri. Pasipoti ninayo. Kazi yake mpaka leo ni kunuswa.

Jumanne, 10 Juni
Nimemhoji mgeni ili niandike utambulisho. Miaka arobaini anaimba. Alianzia baa ya mjomba wake – nimeandika "ukumbi wa familia", maana Padre atakuwepo. Ana santuri, ana kaseti, ana tuzo ya kioo.
Nyimbo sasa. Wa kwanza, kijana amezama baharini. Wa pili, kijana amenyongwa. Wa tatu hafi mtu – nikafurahi – kumbe watoto wote wamehamia Amerika, mama kabaki getini. Hakuna wa harusi? Akafikiri sana. Upo, akasema, ila bibi harusi anakufa.

Alhamisi, 12 Juni
Mungu wangu! Tamasha, ukumbi wa parokia. Mzee anaimba bila gitaa, macho kafumba, beti haziishi. Natafsiri: "Amezama. Mama yake analia." Mara Mama Evarista – yule aliyetolewa kwaya na Sosthenes kwa sauti ya kukwaruza – akashuka kwenye kiti, akakaa sakafuni, akajifunga khanga, akaangua kilio. Akina mama wote wakamfuata. Kwetu mtu akiimba hivyo kafiwa, na mfiwa haachwi alie peke yake. Fergal akafumbua macho. Nikajua tumemwudhi. Akaongeza wimbo mwingine!
Kwaya yetu ikafuata na kinanda na vigelegele. Akapiga makofi ya adabu.

Ijumaa, 13 Juni
Asubuhi akina mama wametua gesti alikofikia Mzee, na unga, maharage na kuni. Kuni! Mhudumu hajui pa kuziweka. "Kamwene, baba, pole sana," kasalimu Mama Evarista. Nimetafsiri kwamba wamekuja kumsalimu. Mzee kashika ukuni mmoja kama ile tuzo yake. Anasema hajapata kusikilizwa hivi. Kwao watu wanakunywa bia na kupiga soga. Anataka kuwapeleka tamasha la Ireland, Septemba. Hao hao waliaji. Na kwaya? Ni wazuri, kasema, wana furaha sana. Alivyoitamka hiyo furaha, utadhani ugonjwa.
Mkalimani atahitajika, ila naye akae chini alie. Nimejaribu mbele ya kioo. Nimeambulia chafya. Sosthenes simwambii.

Jumamosi, 14 Juni, Mbeya
Tamasha la pili la Mzee, naandika nyuma ya jukwaa. Kwaya imeimba njia nzima kwenye Coaster, Igawa watu wametupungia, sare zinang'aa. Sosthenes kauliza mbona hawamo kwenye ratiba. Nimesingizia printa.
Kipindi cha kwanza akina mama wamelia vizuri. Mimi nimejipaka Vicks chini ya macho. Machozi yamekuja! Nikaiona Ireland hii hapa.
Sasa ni mapumziko. Mama Evarista kaniambia, "Mwalimu, tumelia, na unga tumepeleka, ila hatujamwuliza baba. Kafiwa na nani?" Nikabana kicheko. Nikauliza basi tu, yaishe. Fergal akajibu. Mkewe. Januari. Hajamwimbia hata ubeti mmoja, hajui aanzie wapi.
Nimetafsiri bila kupunguza neno. Mama Evarista katandika khanga sakafuni, kamkalisha, wamemzunguka. Mzee analia. Sauti inakwaruza, wala haina wimbo.
Huko ukumbini miluzi. Nachungulia kwenye pazia – Sosthenes kapanda na kwaya nzima, kijani tupu, anawasalimu watu wa Mbeya kwa niaba ya Ireland. Wanashangilia!
MC kaja mlangoni, anauliza mzee anaingia au haingii. Mkalimani ni mimi. Napangusa machozi nimjibu, yanarudi. Na Vicks nilishaifuta zamani.