Vijiti vya Kupimia Umeme Mkubwa

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kama wa mzee. Dada hajambo? Mwambie mchumba wake anakula kwangu kila jioni na sufuria haoshi.

Mimi na huyo Mrefu wake tumepewa kabati kubwa la umeme kiwandani, volti elfu kumi na moja. Vijiti vyake vya kupimia ni virefu kama fimbo, vina ukingo wa kuzuia mkono usiteleze. Mrefu anasema hatimaye amepata kitu cha saizi yake.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea, magoti yangu tu ndiyo yamegoma.

Umeme mkubwa hausubiri uuguse, unakurukia. Pima kwanza mahali unapojua upo, ndipo upime unapotaka, kisha rudi pale pa kwanza. Kifaa kilichokufa nacho husoma sifuri.

Dada yako ameshashona gauni. Amenikataza nisikwambie, kwa hiyo hujaambiwa.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kaa chini kwanza.

Mrefu hatunaye tena. Vile vijiti virefu vilipelekwa kukaguliwa. Msimamizi akasema mashine zimesimama na hasara inakua, tutumie kipima kidogo cha soketi za nyumbani. Nikaenda ofisini kukataa kwa niaba yetu sote wawili. Huku nyuma msimamizi akamwambia Mrefu ni kazi ya dakika moja, na Mrefu unamjua, si mtu wa kubishana. Kipima kililipuka, moto ukamfunika. Alifariki jana hospitalini.

Kumwandikia dada nimeshindwa. Mwambie wewe, taratibu.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Pole sana. Nimemwambia. Hakulia. Alizima jiko, akaenda kukaa mlangoni.

Anachouliza ni kimoja tu: alikuwa amevaa glavu? Kila alipomwandikia alimkumbusha glavu. Sasa anadhani barua yake ya mwisho ilichelewa.

Nijibu upesi. Hali chakula.

Baba yako

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua ilimfika, alinisomea akicheka. Na glavu alivaa, zote mbili. Moto ulimpata usoni na kifuani. Tulipomvua glavu, mikono ilikuwa mizima kabisa.

Kusema hakuweza tena. Nilimshika mkono wa kulia, nikamtajia dada. Akanibana vidole, akaendelea kunibana mpaka nesi akaniambia nimwachie.

Hilo mwambie mkiwa wawili tu.

Mwanao