Natoa Upepo, Rafiki Yangu Anabandika Viraka

Mpendwa Mama Kornelia, amahoro. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usitaje jina langu redioni, kwa sababu mimi ni mtu wa haya sana, hata darasani nikijua jibu nangoja mwingine alikosee kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa Rumonge, nina miaka kumi na sita, na likizo hii mimi na rafiki yangu Anwari tumezunguka nchi kwa baiskeli, tulitoka nyumbani tukaelekea kusini hadi Nyanza-Lac, tukapanda Makamba tukihema, tukafika Gitega, tukateremka Bujumbura huku breki zikilia, na sasa tunarudi nyumbani tukitokea kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Tuko Minago kwa shangazi yake, Mama Mariyamu, na kutoka hapa hadi Rumonge ni asubuhi moja tu ya kukanyaga pedali. Lakini hatufiki, Mama, na sababu ni mimi.

Ijumaa Anwari anapanda boti kwenda Kigoma kwa baba yake mdogo, kujifunza ufundi wa mashine za boti, kazi aliyoiomba mwenyewe miaka miwili, na akikosa boti hiyo nafasi atapewa kijana mwingine. Yeye ndiye rafiki yangu wa pekee. Familia yetu iliporudi kutoka Tanzania nilikuwa sijui Kirundi vizuri, wanafunzi walinicheka, Anwari akasogea kwenye benchi akaniambia, “Kaa hapa, Profesa,” na tangu siku hiyo nimekaa hapo. Kwa hiyo tulipofika Muhuta, alfajiri, yeye akiwa ameenda msikitini, nilifungua vali ya gurudumu lake la nyuma nikatoa upepo wote, tukabaki siku nzima tukiogelea na kucheka. Hapa Minago nimerudia jana, na leo pia, tena kila mara wakati yeye anaswali, na mimi nimebatizwa, nadhani hiyo ni dhambi mara mbili.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba haniwazii mabaya hata kidogo. Baba yake ni fundi wa baiskeli sokoni, Anwari ameshika pampu tangu mdogo, na safari nzima gurudumu likilegea alikuwa anaanza kwa kutia mate kwenye vali aone kama inavuja. Sasa vali haiangalii kabisa, namshukuru Mungu kwa hilo. Anatoa shambrea, ule mpira wa ndani, anaizamisha kwenye beseni la shangazi, anaizungusha polepole, halafu anapiga kelele, “Profesa, nimeiona! Iko hapa, kidogo kama jicho ya ndagala!” Mimi nakodoa macho kumshinda huyo dagaa, sioni hata povu moja, yeye anasugua, anapaka gundi, anabandika kiraka, anasema, “Sasa tuiache ikauke muzuri, mpaka kesho.” Nimemfanya rafiki yangu aone matundu yasiyokuwapo! Na shangazi ameanza kutuuliza, “Nyinyi mulikuja kutembea ao mulihama? Ndagala zangu zinaisha!”

Nikimwambia ukweli atanichukia na tutaagana kwa ugomvi, nisipomwambia atakosa boti kwa ajili yangu. Nifanye nini? Naandika kwa simu ya shangazi, nimemdanganya kwamba natafuta matokeo ya mtihani.

Mwenye hatia, Minago

*

Mwenye hatia, amahoro nawe. Umeficha jina lako, halafu umetaja la rafiki, la shangazi na la kijiji. Nimejitahidi.

Kwanza nikugombeze. Kumtolea mtu upepo wakati anaswali ni tabia mbaya, na boti haingoji mtu. Acha leo hii.

Sasa kaa vizuri unisikilize. Unaitwa Profesa, lakini barua yako mwenyewe hukuirudia kuisoma. Mtoto wa fundi, aliyezoea kuanza na vali, ghafla haiangalii? Povu halipo, yeye analiona? Na tangu lini gundi ya kiraka ikangoja mpaka kesho? Mume wangu anabeba mawese kwa baiskeli. Gurudumu likipasuka anabandika, anamaliza kikombe cha chai, anaondoka. Mwanangu, Anwari alijua tangu Muhuta. Aliposhindwa kuona tundu angeweza kukukamata shingo. Yeye akatafuta kiraka.

Kumbe mko wawili msiotaka kufika. Basi nawagombeza wote. Anwari, najua unasikia, maana shangazi yako hakosi kipindi hiki: kazi uliiomba mwenyewe, nenda ukaifanye. Na wewe Profesa, mtu aliyekusogezea nafasi kwenye benchi hawezi kukuchukia kwa sababu ya upepo.

Leo jioni mwambie kwa mdomo wako, hata kama redio imekutangulia, kwa sababu msamaha wa redio hauna kazi. Gurudumu ulijaze wewe, mpaka jasho likutoke. Osheni beseni la watu, mkamvulie Mama Mariyamu ndagala, au mkanunue. Kesho Alhamisi, Anwari akitoka msikitini, akukute umesimama nje na baiskeli zote mbili. Muingie Rumonge bega kwa bega, asiwepo wa kwanza. Ijumaa umbebee mzigo mpaka botini. Ukilia, lia, ila mzigo usiuangushe majini. Kigoma wewe siyo mgeni, uliishi nchi hiyo kabla yake. Likizo ijayo ni zamu yako kuvuka.

Na ile shambrea yenye viraka, muombe akuachie, uitie kwenye gurudumu lako. Msibandue hata kimoja. Haivuji popote.

Mama Kornelia