Pete Yetu Inamwaga Elektroni

Papa Prof,

Bado siamini. Jumatatu ulikuwa umekaa mezani kwangu pale fakulte, unakula chikwange ya muhogo na kunitania kwamba naigombeza kompyuta kana kwamba ni mume wangu. Jumanne asubuhi presha ikakuchukua. Mtu anaondokaje hivyo? Nimelala matanga uani kwako, nimelia na wenzangu, na hata sasa pikipiki ikisimama nje nageukia mlango nikidhani ni wewe.

Na kuna jingine. Pete yetu inamwaga elektroni.

Baada ya mazishi nilirudi kwenye hesabu tunayopaswa kuwaonyesha wenzetu wa ng'ambo kesho: pete, ambayo bado iko kwenye kompyuta tu, ya kuzungusha elektroni ili zitoe nuru ya kuchungulia ndani ya dawa na madini. Wewe ulitaka nuru kali, kali kabisa. Tukazibana elektroni kwa sumaku zenye nguvu mpaka mkondo wake ukawa mwembamba kuliko unywele, nawe ukapiga meza kwa furaha. Lakini sumaku hizo zinadai nyingine za kuzirekebisha, na hizo zinapunguza nafasi ya elektroni kuyumba bila kupotea. Hilo tulilijua. Ila tulihesabu kana kwamba kila sumaku imekaa sawasawa. Wewe, mtoto wa wavuvi wa maporomoko! Si ulikuwa ukisema, "Papa yangu hakukuwa anatega kitunga ya samaki mbele ya kuangalia kwanza miti yenye maji ilisukuma"?

Basi nikazisogeza sumaku kidogo mno, jinsi zitakavyosogea katika jengo la kweli. Elektroni zote zikapotea. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Zikapotea tena.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua simu nikakupigia. Ikapokelewa! Moyo ukanilipuka. Alikuwa mama, mke wako. Nikamwambia yote, kwamba pete uliyojivunia haishiki. Akasema, "Bon, mutoto yangu, uwaambie vile iko. Bwana yangu alishakufa, usimufanye mutu ya uongo."

Kesho nitawaonyesha pete ikishindwa, jina lako likiwa juu, kisha nitaomba muda wa kulegeza sumaku na kupunguza nuru kidogo, hadi elektroni zikae. Naogopa, Papa. Nimekukasirikia pia, maana hukuniaga.

Lala salama. Swali lao la kwanza ungelijibu wewe. Nitalijibu mimi.

Mwanafunzi wako,
Espérance