Kobe Yumo Ndani ya Mifumo Mitatu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana naandika haraka kwa furaha na hofu kwa pamoja na sijui kipi kimezidi. Mimi ni karani wa masjala, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwoga tangu utotoni, mtu wa kuisoma barua mara tatu kabla ya kuipiga muhuri. Kwa miezi minane nimejifundisha kutengeneza programu za wavuti, na kwa kuwa kila mara nilijikuta naanza upya yaleyale, ukurasa wa kuingilia, fomu, hifadhidata, na namna ya kuviunganisha, niliamua kutengeneza kiolezo kimoja chenye yote hayo tayari, mbele anakoona mtu na nyuma kunakofanyika kazi, ili anayetaka mfumo mpya anakili tu, abadilishe jina, aendelee. Dada yangu ni fundi cherehani. Nilimwambia ni kama zile karatasi zake za kukatia nguo, akacheka, akasema kumbe mafundi tuko wawili nyumbani.

Mshauri, kinafanya kazi. Siku niliyokionyesha ofisini nilianzisha mfumo mzima wa majaribio mbele ya watu kabla chai haijapoa, na mkuu wetu, mzee asiyesifu mtu, alivua miwani, akaifuta, akasema, "Binti, haya mafaili yangenizika." Wiki hiyohiyo watu wa vibali wakakinakili, wakafuata wa magari, kisha wa maktaba, na sasa nikipita koridoni naitwa injinia, nami hujifanya sisikii ili waniite tena.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Nilipokuwa nakijaribu nilihitaji mtumiaji wa mfano mwenye mamlaka ya kufungua, kubadili na kufuta chochote, nikampa jina Kobe, ambalo ndilo tunalomwita mkuu wetu akiwa hayupo, kwa jinsi anavyosaini taratibu, na nywila yake nikaweka moja mpaka sita, nikijiambia nitamfuta. Sikumfuta. Kiolezo humtengeneza upya kila kinaponakiliwa, kwa hiyo Kobe yumo katika mifumo yote mitatu, na mwisho wa mwezi ule wa vibali unafunguliwa kwa wananchi, wataweka humo namba za vitambulisho na anwani zao, na yeyote atakayebahatisha ataona yote. Kiolezo changu nimeshakisahihisha, lakini nakala zao ziko vilevile. Jirani yangu wa meza ananiambia, "Ingia kimyakimya kwa huyohuyo Kobe, mfute, utoke. Nani atajua?" Mara mbili nimeandika nywila ile nikashindwa kubonyeza. Nikisema, naogopa watanipokonya kazi niliyoipenda kuliko zote, na mzee atajua tunavyomwita. Nifanyeje?

Karani Mwoga

JIBU

Karani, kwanza hongera. Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia safu hii tu, lakini furaha ya mtu aliyetengeneza kitu kikasimama naiona hata kwenye mwandiko wako wa haraka.

Sasa nikukaripie. Barua unaisoma mara tatu, halafu mlango wa nyumba za watu unauacha wazi kwa neno "nitamfuta"? Na huyo jirani yako mwambie anyamaze. Ukiingia chumba cha watu kwa ufunguo wasioujua, hata kama umekwenda kufagia, umeingia, na siku kitu kikipotea humo nyayo zitakuwa zako. Ule mkono uliokataa kubonyeza una akili kuliko yeye, usiuite mwoga.

Muulize dada yako: karatasi ikiwa na kasoro na nguo tatu zimeshashonwa, anasahihisha karatasi akakaa kimya? Anawaita wenye nguo kabla hawajazivaa harusini. Fanya hivyo. Kesho asubuhi, kabla hujagusa jalada, andika ukurasa mmoja: kosa ni nini, liko wapi, linatolewaje. Mpelekee mkuu wako mwenyewe, funga mlango, usilie. Akikuruhusu, anza na watu wa vibali. Kaa nao, wamfute wao kwa mikono yao, waangalie kama kuna aliyewahi kuingia kwa jina hilo, ndipo uende kwa wa magari na maktaba. Kisha kifanye kiolezo chako kikatae kuanza mpaka anayekinakili aweke nywila yake mwenyewe, na kila anayekichukua mwandike daftarini, ili kasoro nyingine ikitokea ujue pa kubisha hodi.

Mzee atafoka, na ni haki yake. Lakini atafoka kwa mtu aliyeleta kosa na dawa yake kwa mkono mmoja, na watu wa namna hiyo ofisini hawajai kiganja.

Na jina la Kobe usilifiche, liandike palepale kwenye ukurasa. Hakuna mkuu asiyejua anaitwaje akitoka mlangoni. Huyu wako amekaa miaka yote hiyo akisubiri mmoja wenu wa kumwambia usoni; nadhani ruhusa hiyo atakusainia haraka kuliko alivyowahi kusaini chochote.