Mama Watatu Katika Vitabu Vyako

Mdogo wangu uliyenitangulia,

Mwandiko wangu umepinda siku hizi, kwa hiyo nisome taratibu, kidole chini ya neno, kama nilivyokufundisha. Wanao wamenipa hadi Jumapili. Fundi kutoka mtaa wa Mazwi amekwisha kujengea kaburi la mama na kusimamisha msalaba, amebakiza nafasi ya maneno, na hawa wawili hawaelewani. Anjela anataka maneno ya riwaya yako: "Aliyekataa kuhama." Deo anataka ya kitabu chako cha kwanza, kile cha makala za gazetini: "Aliyetangulia kuitika." Wakichoka kubishana wananigeukia mimi.

"Shangazi, baba hakuwepo," Deo aliniambia juzi. "Wewe ulikuwepo."

Ni kweli nilikuwepo. Wewe ulikuwa Dar es Salaam na gazeti lako, mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nilihama na mama kutoka kwenye mji wetu wa zamani kwenda kijiji kipya cha ujamaa. Katika walioona, nimebaki peke yangu. Naandika hadharani, mbele ya wasomaji wako, kwa sababu padri amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa na sitaki kuzikwa nikiitwa shahidi. Sijui kilichotokea. Hilo ndilo ungamo langu.

Vitabu vyako vyote nimevisoma, hata ile riwaya ya upelelezi ya malori ya mpakani Kasesya, niliyoifunika kwa gazeti ili walimu wenzangu wasione jalada lile la mwanamke na bastola. Nilijivuna. Nilidhani mtu akiandika mengi anayasogelea yaliyo kweli kidogo kidogo, kama mtu anayelima kutoka pembeni kwenda katikati. Sasa nimezeeka na katikati sijaiona.

Katika makala zako mama anatoka asubuhi na mapema, anafunga mlango, anaimba pamoja na wenzake. Nikifumba macho nausikia wimbo. Katika riwaya mama anakaa juu ya kaburi la baba, mvua inamnyeshea, mgambo wanambeba na mkeka wake. Nikifumba macho naiona mvua ikichirizika kwenye shingo yake. Lakini tulihama kiangazi, mdogo wangu. Ulezi ulikuwa umekwisha kuvunwa, upepo wa Ufipa unapasua midomo, vumbi mpaka kwenye kope. Ile mvua ninayoikumbuka imetoka wapi kama si kwako? Na kama mvua ni yako, kaburi ni la nani? Na wimbo je?

Ulikuja kututembelea mwaka ule ule, nyumba mpya haijapigwa udongo ndani. Mama alikuwa kisimani. Ulikaa kwenye kinu kilicholazwa, kalamu mkononi.

"Dada, mama alilia?"

"Mama yetu unamjua. Amlilie nani?"

"Nijibu vizuri. Alilia au hakulia?"

"Kwani wewe unataka alie?"

Ulicheka. "Gazeti halitaki. Mimi ndiye ninayetaka."

Nakumbuka kicheko chako, nakumbuka na jino lako lililovunjika. Jibu langu silikumbuki. Nilisema nini hata ukaandika vitabu viwili vinavyokanushana? Nilikuambia habari za kaburini, au wewe ndiye uliyeniambia, baadaye, kwa chapa, mimi nikaitikia kama mwanafunzi? Nilifurahi kuulizwa. Huenda nilikupa kila ulichonyoshea mkono.

Kisha ukastaafu, ukaandika kile kitabu cha tatu alimo mama, cha kuilaumu siasa ya wakati ule na kujilaumu mwenyewe. Nilikifungua nikidhani humo utaniambia. Mama ana sentensi moja tu: "Mama yangu alihama bila kusema neno." Nililia. Kisha nikakasirika, maana mama hakuwahi kufanya jambo lolote bila kusema neno.

Kuna kitu kimoja hakimo katika kitabu chako hata kimoja, maana hukuniuliza nami sikukuambia. Nilitaka kubaki na kipande cha mama ambacho wewe huna. Trekta lilipokuja kuchukua vyombo, mama alidai jiwe lake la kusagia lipakiwe, lile alilopewa na bibi. Fideli, kijana wa mgambo, ambaye mama alimjua tangu akinyonya, akaligusa kwa mguu.

"Mama, mawe hata huko yapo."

"Yapo. Ulezi wangu hayaujui."

Walilinyanyua watatu. "Hili jiwe lina uzito wa diwani," Fideli akalalamika.

"Basi lishike kwa adabu," mama akamjibu, kwa Kifipa, maana ukali wake wote ulikuwa wa Kifipa.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Je, huyo alikuwa amekubali kuhama, au amekataa? Nimelala na swali hilo siku nyingi. Mtu anayekataa hapakii jiwe. Mtu aliyekubali hagombani hivyo. Na sasa nimekwisha kuliandika jiwe lile. Kuanzia kesho nitakuwa nalikumbuka, au nitakuwa nalisoma?

Leo asubuhi niliwaita wanao. Nikawaambia waandike jina la mama na jina la baba yake, basi. Anjela akanuna. Deo akauliza kwa nini. Nilipaswa kusema kwamba sijui. Badala yake nikasema, "Mwenyewe aliniagiza hivyo kabla hajafa." Wakainamisha vichwa, na Anjela akaniomba radhi.

Mama hakuniagiza lolote, mdogo wangu. Siku zake za mwisho aliulizia uji na habari zako. Kwa hiyo sasa mama wamekuwa wanne, na huyu wa nne nimemtunga mimi, kwa sentensi moja, bila kalamu, na ameaminiwa kuliko wale wako wote. Nimeona jinsi ilivyo rahisi. Sikukasirikii tena. Siwezi pia kusema kwamba nimekuelewa.

Ukikutana naye huko uliko, muulize ile siku ilikuwaje. Usimuulize kwa ajili ya kitabu. Akikujibu, nyamaza nalo mpaka nifike.

Mimi dada yako, niliyekuwepo.